Jiwe la Kolwezi

Viateur alirudi Nyamitaba na jiwe moja mfukoni, baada ya miaka mingi ya kuchimba madini kule Kolwezi. Alimpa dada yake, Emérita, aliyekuwa akipalilia maharage. Lilikuwa na rangi ya chuma, pande zake laini kama zilizokatwa kwa kisu, likang'aa hata Emérita akauona uso wake.

"Iko feza?"

"Hapana, dada. Muko shaba na kobalti, vimeshikana na kiberiti, ile yenye kunuka ikiungua." Akalisugua kwenye kitako cha sahani nyeupe, likaacha mstari mweusi. "Likikaa sana mu hewa, linageuka jekundu."

Jumapili, akiwa amelewa kasiksi, pombe ya ndizi, Viateur aliwatania watu kwamba jiwe alilitoa katika kilima chao wenyewe. Watu wakacheka. Mmoja hakucheka.

Haikupita juma, wenye bunduki wakaingia uani mchana kweupe. Mkubwa wao akamnyang'anya Emérita jiwe, akalitupa kwenye makaa. Moshi ulipanda, harufu kali ikawabana koo wote, naye akatabasamu: yalikuwa madini kweli.

"Mulichimba wapi?"

"Chef, nilikuwa nacheza tu," Viateur akasema. "Ile jiwe iko ya Kolwezi. Huku haiko."

"Kila muntu mwenye kuficha anasemaka vile." Wakampigisha magoti, mtutu kisogoni.

Emérita akaona kwamba ukweli utamuua kaka yake. Akainua mkono, akaonyesha mahali pa kwanza macho yalipoangukia. "Kule. Pa mteremko."

Wakamwinua Viateur, wakampa jembe.

Mvua zilipoanza, ndipo Emérita alipopanda kumpelekea chakula na kuuona ufa. Ulikuwa umepita juu ya shimo alilochimbishwa Viateur, mrefu, ukimeza maji bila kuyarudisha. Chini yake moja kwa moja zilikuwa nyumba zote za majirani.

"Peleka batoto Kirotshe," Viateur akanong'ona bila kugeuka. "Leo."

Emérita alibisha kila mlango. "Kilima kitaanguka! Mule hamuna kitu, nilidanganya!"

Mama Vestine, jirani aliyemlelea watoto, alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kwa huruma baridi.

"Ao unataka tutoke ili mubaki na madini peke yenu?"

Kisha akamwita mumewe, wakachukua majembe, wakapanda. Wengine wakawafuata.

Emérita alimfunga mtoto mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akashika njia ya Kirotshe. Nyuma yake majembe yalizidi kuongezeka, na mvua haikukatika.