Nabii wa Cyrus

Kila Ijumaa, kwenye vila ya kukodi kule Muaither, katika nchi ya Kiarabu, Edith aliketi kulia kwa Cyrus na kupakuliwa chakula wa kwanza. Cyrus, kiongozi wa ushirika wao wa maombi wa Wakenya, alipenda kuhubiri kwamba kila mfalme wa Israeli alikuwa na nabii wake ikuluni, na nabii wake yeye ni Edith. Hata kitanda alicholalia Edith humo kwenye vila kilikuwa cha Cyrus.

Manabii wale waliwapaka wafalme mafuta, wakawaulizia Mungu kabla ya vita, wakawakemea walipopotoka. Cyrus alihubiri yale mawili ya kwanza tu.

Ijumaa hiyo Carolyne, mfanyakazi wa nyumbani, alikuja na begi. Cyrus alikuwa amemwahidi kazi nono mji wa Umm Salal, mradi amtoroke madamu aliyemwajiri. Pasipoti ingebaki kwa mwajiri, na polisi wakimkuta ni mahabusu, kisha ndege ya kurudishwa kwao.

"Nabii, mpe mtoto huyu neno," Cyrus alisema. "Aende?"

Edith alisimama.

"Bwana hajaniambia kitu."

"Hajakuambia, au ulisinzia?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nimemwuliza, kimya. Mimi mwenyewe nasema asiende."

"Wewe mwenyewe ni nani? Unakula chakula cha nani?"

"Chako. Hata manabii wale walilishwa na mfalme, na bado walimkemea."

"Keti, mwanamke! Silvesta, wewe Bwana anakuambiaje?"

Silvesta, mlinzi wa hoteli, alifumba macho kidogo tu.

"Naona mlango uko wazi, dada. Nenda!"

"Amina!" chumba kizima kikaitikia.

Carolyne akanyanyua begi. Edith akalishika.

"We Edith, wivu huo! Unataka nioze kwa madamu?"

"Silvesta," Edith aliuliza, "akikamatwa utaenda kumtoa?"

Silvesta akamtazama Cyrus.

"Achia begi," Cyrus alisema, "au leo utafute pa kulala."

"Nitatafuta."

"Wapi?"

"Sijui."

Carolyne alikuwa bado anamkodolea macho Silvesta. "Kaka, si umeulizwa?"

Silvesta akafumba macho tena.

"Nipisheni," Carolyne alisema kwa hasira. "Nirudi kazini kabla madamu hajaamka usingizi wa mchana."

Alilivuta begi lake, akapita bila kumshukuru mtu. Edith akaenda kukunja shuka zake, na nyuma yake mtu akamwita Yezebeli.