Maji Kidogo Tu

Mzee Hadubini hakuwa na imani na mteja yeyote aliyeleta kompyuta iliyolowa. Wote walikuwa na wimbo mmoja: maji kidogo tu, fundi. Mtu kaimwagia chai ya sukari, au soda, au bakuli zima la supu, lakini akifika dukani anakwambia maji kidogo tu, tena kwa uso mkavu. Mzee hakubishana nao. Aliifungua mashine, akaiweka bodi chini ya ile hadubini iliyompa jina mtaani, akajionea mwenyewe. Chai huacha utando wa kahawia unaonata. Maji matupu huacha chokaa nyeupe na kutu ya kijani.

Kwa hiyo binti yake aliposimama mlangoni mchana ule, akaweka laptopu mezani na kusema imeingia maji kidogo tu, mzee alishindwa hata kutabasamu.

Hawakuwa wamesemeshana tangu binti aolewe. Mzee alitaka amalize chuo kwanza, binti alitaka mtu wake. Siku ya mwisho mzee alipandwa na hasira, akatamka mbele ya kijana wa watu maneno ambayo mwanamume mwenye akili timamu angeyameza: nendeni, na mkizaa, mtoto huyo msiniletee hapa. Baadaye akakaa kungoja waje wamwombe radhi. Hawakuja. Naye, kwa kichwa kigumu alichojaliwa, hakwenda.

Binti alijieleza kwa kifupi. Mafundi wengine walishamwambia bodi imekufa. Ndani mlikuwa na utafiti wake wa kumalizia chuo, hakuwa na nakala nyingine, na siku ya kuuwasilisha ilikuwa imekaribia. Mzee alijua kwamba kwenye mashine za aina hiyo hifadhi imechomelewa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo bodi ikifa inaondoka na kila kitu. Alijua na jambo jingine lililomchoma zaidi: kumbe chuo hakuacha. Binti alimwita "fundi" muda wote, kama mtu aliyeelekezwa pale na mpita njia. Mzee akasema atajitahidi.

Alipobaki peke yake alifungua kifuniko cha chini, akachomoa betri kwanza, akaitoa bodi na kuilaza chini ya hadubini. Kutu ilikuwapo. Lakini karibu na soketi ya kibodi palikuwa pia na utando wa manjano, wenye mafuta, na chembe za unga zilizogandana kwenye miguu ya chipu. Akaukwangua kidogo kwa ncha ya kisu, akanusa. Ulikuwa umechacha. Alipoupuliza kwa hewa ya moto harufu ikapanda yote, na mzee akaitambua, kwa sababu aliwahi kuvikoroga vitu hivyo yeye mwenyewe, mama mtoto akiwa hoi kitandani na binti huyu huyu akilia begani kwake. Yalikuwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga.

Akanusa tena, akitumaini amekosea.

Wakati wa chakula alikwenda nyumbani, akamkuta mkewe anamenya viazi, akamuuliza kama binti yao amezaa. Mkewe hakuacha kumenya. Alisema ndiyo, wa kike, ana meno manne na sasa anasimama akishika kiti. Mzee akauliza yeye amejuaje.

"Siku aliyozaliwa nilimwogesha mimi," mkewe alisema. "Wewe ulisema asiletwe. Hukusema nisiende."

Mzee alirudi dukani bila kutia kitu tumboni. Aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Alitoa amri na watu wakamtii, jambo ambalo nyumbani kwake halijawahi kutokea kwa amri nyingine yoyote.

Hapo ndipo lilipomjia wazo baya. Kila fundi ana neno lake la njoo kesho, na yeye alilitumia vizuri kuliko wengi. Angemwambia binti njoo kesho, kisha kipuri hakijafika, kisha njoo Jumatatu. Angekuwa anamwona. Pengine siku moja angekosa wa kumwachia mtoto, akaja naye mgongoni. Lakini maziwa yaliyochacha yana asidi, na kila siku yanapokaa yanaendelea kuila shaba, na chuo hakingemngoja mtu. Nimeshamharibia vya kutosha, mzee alijisemea, akavuta kiti.

Aliiosha bodi kwa spiriti na mswaki laini mpaka utando wote ukatoka. Mita ikamwonyesha kuwa njia kuu ya umeme imepiga shoti. Akaipitishia umeme mdogo sana, akaimwagia spiriti juu, akatazama panapokauka kwanza, maana palipo na shoti hupata joto. Pakakauka juu ya kapasita moja, kipuri kidogo kuliko punje ya mtama. Akaing'oa, akachomelea nyingine aliyoitoa kwenye bodi mbovu. Njia moja iliyoliwa na kutu akaiunga kwa waya mwembamba kama unywele.

Alipobonyeza kitufe feni ilizunguka, kisha skrini ikawaka. Mtoto mmoja mnene alitokea, amekaa mapajani mwa baba mkwe wa binti yake, wote wawili wakicheka na vinywa wazi. Mzee Hadubini alimtazama mzee mwenzake yule kwa wivu ambao hakuwahi kumwonea mtu. Kisha akazima.

Kesho yake binti alikuja, akafungua mashine, akaukuta utafiti wake mzima, akashusha pumzi na kushukuru. Alikuwa tayari ameikumbatia anaondoka mzee aliposema, "Hayakuwa maji."

Binti alisimama.

"Hapana," alisema. "Ni chupa ya mtoto. Ulisema tusikuletee, Baba. Hatukuleta."

"Nilisema kwa hasira."

"Najua ilikuwa hasira. Ndiyo maana nilikusubiri uje uyafute yale maneno. Nilibeba mimba nakusubiri, nikajifungua nakusubiri. Mlango ukigongwa, nadhani ni wewe."

Mzee alikuwa ameandaa maneno usiku kucha. Alisema tu nisamehe, mwanangu, kisha akaomba amwone mjukuu wake, ambebe hata kidogo.

Binti alifuta macho kwa kiganja. "Yuko nje na baba yake. Utamwona tukiondoka," alisema. "Lakini kukupa umbebe, leo siwezi. Usinilazimishe."

Mzee hakumlazimisha. Alimfuata hadi mlangoni, akasimama hapo kwa kuwa hakualikwa kwenda mbele zaidi. Ng'ambo ya barabara mkwewe alimpa salamu ya kichwa, akampokea mkewe laptopu, wakaanza kuondoka. Mtoto alikuwa begani kwa baba yake, uso umeelekea nyuma. Alimwona yule mzee mlangoni, akamkazia macho. Halafu akainua mkono wake mdogo na kukunjakunja vidole, kama alivyofundishwa kuwaaga watu.

Mzee naye akainua mkono, akampungia mpaka wakakata kona, maana hakujua afanye nini kingine.