Saini ya Pili

Kila siku saa nne asubuhi, marehemu Sufiani husimama katikati ya mahindi ya Yordani pale Kwamndolwa, amevaa ovaroli, tochi mkononi. Humulika juu, mahali ambapo mkia wa ndege ungekuwa, kisha humtazama Yordani na kungoja. Mwaka mzima sasa, na hajachoka.

Walikuwa mafundi wa ndege katika kampuni moja Dar es Salaam, Sufiani wa Handeni, Yordani wa Korogwe, wakitaniana kama ndugu. Mamlaka ya usafiri wa anga ikaagiza ndege zote za aina ile zikaguliwe boliti za mkia: mafundi wawili, kila mmoja aangalie kwa macho yake, ndipo atie saini. Kampuni iliyoshindana nao ilitii. Ikaziweka ndege zake chini siku tisa, abiria wakaikimbia, na baadaye ikafunga milango. Bosi wa akina Yordani yeye alisugua mikono. "Biashara asubuhi," alisema. "Kesho tunaruka."

Sufiani akakagua, akatia saini ya kwanza. "Mimi nimeona sawa," alimwambia mwenzake, "ila taa ya huku mbovu. Nenda kaangalie na wewe."

Yordani alikuwa anakunywa chai ya saa nne. Angemkaguaje mtu aliyefanya naye kazi miaka kumi na moja? Aliona ni kama kumwita ndugu yake mwongo. Akasaini, kikombe kikiwa mkononi.

Ndege ilianguka siku ya tatu. Walikufa watu kumi na wanne, Sufiani akiwamo. Alikuwa safarini kwenda kutengeneza ndege nyingine. Wachunguzi walipomhoji Yordani, hofu ikamtawala. Aliapa kwamba aliangalia, boliti ilikuwa nzima, labda Sufiani aliigusa baadaye. Hiyo "labda" ikamzika rafiki yake mara ya pili. Yordani akaacha kazi, akarudi kwao Kwamndolwa kulima mahindi.

Siku ya hitima ya mwaka, Yordani alipanda basi kwenda Handeni. Alijiambia anakwenda kusema kweli. Alipofika aliona mikeka mingi na watu wachache, maana nani aende kumwombea fundi aliyeua abiria? Roho ikamrudi nyuma.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi Hajira, mama wa marehemu.

"Marahaba, mwanangu. Katika wenzake wote wa kazini, umekuja wewe tu." Alimshika mkono, hakuuachia. "Asubuhi ile ya ajali alinipigia simu. Nikamwambia, baba, mimi ndege naziogopa. Akanicheka. Akasema, usiogope, mama, Yordani ameikagua."

Yordani alitamani ardhi impasukie.

Kisomo kilipoisha, mzee Mwinjuma, baba mdogo wa marehemu, alisimama kama ilivyo desturi kumwombea msamaha. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa aibu. "Mtoto wetu alikosa," alisema. "Watoto wa watu wamepotea kwa mkono wake. Tunawaomba mumsamehe."

"Mzee, usimwombee," Yordani alisema. Hakujua amesimama saa ngapi. "Macho ya mtu mmoja hukosea, ndiyo maana sheria inataka ya wawili. Ya pili yalikuwa yangu. Aliniambia nikaangalie, sikwenda. Nikasaini, kisha nikamsingizia maiti."

Bi Hajira alimsogelea.

"Ungekwenda, ungeuona huo ubovu?"

Yordani alikuwa ameoneshwa picha za ufa wa ile boliti. Fundi mwanafunzi angeuona.

"Ningeuona, mama."

Bi Hajira alivuta kanga, akajifunika kichwa vizuri, akamgeukia shemeji yake.

"Mwinjuma, waambie wafungue misahafu, waanze upya. Hitima ile ya kwanza tumemsomea mkosaji." Kisha akamwonesha Yordani pembe ya mkeka. "Na wewe kaa hapo usikilize. Tukimaliza, utakwenda kuwaambia na wale wachunguzi."