Daftari la Presha

Saa moja asubuhi Meshack alikuwa ameshaoga na kunyoa, amevaa koti alilofungia ndoa na marehemu Paskalia. Sokoni Kibaigwa, anakoshona magunia ya mahindi, alishaaga tangu jana: "Kesho natolewa mtoto wa jicho. Jumatatu nitawaona wote kwa mpigo, na wanaoniibia uzi nitawaona."

Wapagazi walicheka. Walikuwa wamemchoka. Miaka miwili sasa anagonga watu mabega. Wanamnyooshea mkono, anaupita. Wakasema tangu afiwe ameingia kiburi. Kumbe mbele anaona hata tundu la shazia, sindano yake ya magunia, ila pembeni kumefungwa, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Zahanati ilifurika. Madaktari wa macho walikuwa wametoka mjini Dodoma. Viongozi nao walikaa chini ya turubai na maji yao ya chupa, wakisubiri kupigwa picha na waliopona, na hakuna aliyekuwa ametibiwa bado.

"Shikamoo, baba," daktari alisema. Alikuwa binti mdogo, tochi mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Kata tu, siogopi."

Alimmulika jicho moja, la pili, akarudia la kwanza. "Baba, huna mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Wa kushoto umekufa karibu wote. Wa kulia umebaki kidogo."

"Presha naijua. Wenzako waliopita mwaka juzi walisema hivyohivyo. Dawa sijaruka hata siku moja." Akatoa vidonge mfukoni.

Daktari aligeuza pakiti. "Hizi ni za presha ya damu. Wewe ulitakiwa uweke matone."

"Ndiyo maana vinanikojoza kila saa? Mimi nikajua ni uchafu wa macho unatoka."

Benchi zima likacheka. Daktari hakucheka. Aliomba madaftari yote ya matibabu ya mzee. La zamani lilikuwa limeandikwa: *Presha ya macho. Matone kila jioni.* Lilipojaa, zahanati walimnakilia jipya: *Presha.*

"Wameacha 'ya macho'," daktari alisema polepole.

"Kilichopotea kitarudi?"

"Hakirudi, baba." Akampa kichupa. "Matone haya yatalinda kilichobaki. Usiyaache."

Frank, mganga mfawidhi wa zahanati, alikuwa amesimama karibu, anasikia. Akasogea na tabasamu. "Mzee wangu, lete hayo madaftari tukuandikie moja safi. Wageni wasione makaratasi yaliyochakaa hivi."

Meshack aliyachukua madaftari kwa daktari, akayabana kifuani. Alikaa chini palepale, akachomoa shazia kwenye ukosi wa koti na uzi wa magunia mfukoni. Alilenga mara moja tu, uzi ukapita. Akaweka daftari juu ya daftari, akaanza kuyashona yawe moja.

"Unafanya nini, mzee?"

"Kazi yangu."

"Kaza, baba!" mwanamke mmoja alisema kwenye foleni. Wengine wakasimama kuangalia, hata waliokuja na mikongojo. Chini ya turubai mpiga picha alishusha kamera, hajui apige au aache.

Meshack alipiga fundo, akakata uzi kwa meno. Upande wa kushoto mkono wa Frank ulikuwa bado umenyooshwa, unangoja. Hakuuona. Na hata angeuona, asingeyatoa.