Gego la Babu Mkuki

Nyumbani kwetu mnofu wa kwanza ni wa baba mkubwa. Sahani ya nyama ikitua mezani, yeye anachagua kipande kilichonona, sisi wengine tunagombania mifupa. Eti ndiye mrithi wa Babu Mkuki, mwindaji wa zama hizo ambaye, kwa maneno ya baba mkubwa, hakuwahi kutia nafaka kinywani. Shangazi, mdogo wake, ndiye mpishi. Kila Jumapili anapika, anapakua, anameza mate.

Kisha barabara mpya ikapangwa kupita juu ya kaburi la Babu Mkuki. Kabla hajazikwa upya, maabara ninakofanya kazi iliomba gego moja na kipande cha ubavu, tujue marehemu alikuwa anakula nini.

"Kapimeni," alisema baba mkubwa. "Kuna watu humu ndani wanibishia chinichini."

"Mimi nabisha waziwazi, kaka," shangazi alisema, mikono kwenye ungo wa maharage. "Akionekana mla nafaka, mnofu unahamia kwangu."

"Uhame. Lakini akionekana mla nyama, hayo maneno yako nisiyasikie tena mpaka unanizika."

Ukoo mzima ulikuwepo. Hakukuwa na pa kurudi nyuma.

Maabarani tulilowesha gego na ubavu kwenye asidi hafifu. Chokaa ikatoka, ikabaki protini laini kama ufizi. Tukaikausha ili tuichome kwenye mashine inayopima naitrojeni. Kuna naitrojeni nyepesi na nzito. Mla nyama hukusanya ile nzito, mla nafaka na kunde huwa nayo kidogo.

Gego lilitangulia. Namba inatokea, baba mkubwa yuko nyuma yangu, kavaa koti la harusi.

"Iko juu?"

"Iko juu kuliko ya maiti wote tuliowahi kupima hapa. Lakini subiri, baba mkubwa, ubavu bado."

"Ubavu wa nini? Ubavu unatafuna? Jino ndilo linalotafuna."

Akaondoka. Nilimsikia akimtangazia mlinzi getini.

Mkuu wa maabara, mama asiyecheka na mtu, alipoiona namba ile alicheka mpaka akavua miwani.

"Mlikata wapi kwenye gego?"

"Juu, kwenye ncha."

"Ncha ya gego hili hutengenezwa mtoto akiwa bado mgongoni. Huyu alikuwa ananyonya. Mwili wake unajengwa na maziwa, maziwa yanatoka mwilini mwa mama, basi mashine inamwona kama anamtafuna mama yake. Lete ubavu. Huo ndio utakaotuambia aliishi vipi ukubwani."

Ubavu ukasema: mtama, kunde, mtama tena. Nyama ya kubahatisha.

Jumapili nilimkuta baba mkubwa amealika hadi majirani. Mnofu ulikuwa umeshafika nusu ya njia kwenda kinywani. Nikawaeleza yote, gego na ubavu, bila kupunguza. Kijiko kikaganda hewani.

"Ngoja," alisema. "Alipokuwa ananyonya, mashine inasema alikula nyama?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Basi. Nimeshinda."

Majirani walitazamana. Mmoja alianza kukubali kwa kichwa, maana ndiye aliyeketi karibu na sahani.

Shangazi aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na glasi ya maziwa. Akaiweka mbele ya kaka yake.

"Urithi wako huu. Kunywa kabla haujapoa, na nikiona unatapika nitakubeba nikucheulishe."

Nyumba ikaangua kicheko. Baba mkubwa alitafuta uso wa kumtetea. Alipoukosa, alishusha kijiko. Shangazi aliuchukua mnofu kwa mkono, akauma, akatafuna. Alitafuna sana.

"Vipi?" aliuliza baba mkubwa, sauti ndogo.

"Mgumu," shangazi alisema, akanyoosha mkono kuchukua wa pili.