Mgongo wa Mama Mkwe

Kokwijuka wa Rugera alikuwa na sababu nzuri ya kwenda Kibingo, na aliitoa kwa kila aliyemuuliza na kwa wengi ambao hawakumuuliza. Shemeji yake Rwezaura anaimba besi katika kundi la wazee wa usharika, wazee wamealikwa kwenye tamasha, na wazee wa Rugera si watu wa kuachiwa kwenda ugenini bila mtu mwenye akili timamu wa kuwatazama. Basi. Hilo la kwamba binti yake Vero naye angeimba siku hiyohiyo, kanisa hilohilo, yeye alilisikia juu juu tu na wala halikumhusu.

Uongo mtupu. Tangu alipolisikia hakuwahi kupata usingizi wa maana. Alimkumbuka mwanawe mpaka kifua kikamuuma, na alitaka kuisikia sauti yake walau mara moja. Ila alitaka kuisikia bila mtu yeyote, awe wa Karagwe au wa Kyerwa, kupata upenyo wa kusema kwamba Kokwijuka amelegea.

Habari yenyewe ni hii. Miaka mitatu nyuma, kijana mmoja wa Kimuli aitwaye Adelard, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakaishia kufanya vibarua katika mashamba ya wenzao, alituma washenga kwa Kokwijuka na dumu la rubisi. Kwa watu wa huko, pombe ya posa ikishanywewa maneno yamekwisha. Isiponywewa, mshenga hubeba dumu lake akajiondokea. Kokwijuka ni mjane, na nyumbani kwake hakuna kauli inayopita ya kwake. Hakuruhusu hata kifuniko kiguswe. Kijana hana kibanja, alisema, hana mgomba hata mmoja wa kuuita wake, halafu naambiwa ni mwimbaji. Sasa mwanangu atakula sauti? Rwezaura, ambaye alikuwa ameshakaa mkao wa kunywa na mrija mkononi, alilisindikiza lile dumu kwa macho hadi mlangoni, na huzuni aliyokuwa nayo watu hawajaiona kwake hata msibani.

Vero akaolewa hivyohivyo, huko huko Kimuli. Mama hakwenda.

Baadaye binti alipoanza kutuma salamu kwamba mama aje walau apaone, Kokwijuka akapata jibu, na jibu lenyewe halikuwa na tundu. "Nitakwendaje? Mama mkwe hatazamani na mkwewe. Nyumba yenyewe nasikia vyumba viwili, nitajificha wapi, kwenye chungu?" Na kweli, kwa Wanyambo wa umri wake, mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja hujitosa migombani mpaka mwenzake apite. Nani atabisha? Kokwijuka aliishika desturi hiyo kwa nguvu ambayo bibi yake mzaa mama, aliyemfundisha, hakuwa nayo.

Basi siku ya tamasha ikafika. Kanisa la Kibingo lilijaa tangu saa nane mchana. Mabenchi yake hayana egemeo, na hilo lilimfaa sana Kokwijuka. Alichagua benchi la mwisho kabisa, akavusha miguu upande wa pili, akakaa ameutazama mlango, madhabahu yote ameipa mgongo. Jirani yake, mama mmoja wa hapo Kibingo aliyeitwa Benadeta, alimtazama, akatazama mbele, akamtazama tena.

"Mama, watu wanaimbia kule."

"Najua."

"Sasa wewe huku unatazama nini?"

"Natazama huku."

Benadeta aliona hapo hapana mazungumzo. Tatizo jingine likawa kwamba kila aliyeingia alikutana na mwanamke mtu mzima, kajifunga kitenge vizuri, kakaza macho mlangoni, na kila mmoja akadhani huyo ndiye mpokea wageni. Wakawa wanampa shikamoo na miavuli. Kokwijuka aliipokea yote akaiweka chini ya benchi, maana kukataa mwavuli wa mtu kunahitaji maelezo.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa mjini Kayanga aliyeitwa Projest, kavaa suti ya rangi ya bluu. Alieleza kwamba leo hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna spika, ni koo za watu tu. Kinanda chenyewe kilisukumwa pembeni kikafunikwa shuka. Akaomba wimbo ukiendelea watu wasipige makofi, wasipige vigelegele, na tafadhali sana wasiitikie, kwa sababu uimbaji wa namna hii unataka utulivu. Watu walimsikiliza kwa heshima kubwa. Hakuna aliyemwelewa.

Wazee wa Rugera ndio waliofungua. Kwa kuwa hakukuwa na kinanda cha kutoa sauti ya kuanzia, Rwezaura aliitoa mwenyewe, na kila mzee akachukua ile iliyompendeza. Wimbo ukaanza juu, ukapanda. Ubeti wa tatu ulipofika besi walikuwa wamesimama mahali pa sauti za akina mama, mishipa imewatoka shingoni. Hawakuacha. Walimaliza wima, kama watu wanaobeba jeneza mlimani, na kanisa zima likashusha pumzi pamoja nao.

Wakaja akina mama wa Kibingo wenyewe, nao waliimba vizuri hasa, sauti zimepangana kwa zamu. Lakini ubeti wa pili kanisa lote lilikuwa limeshaingia ndani ya wimbo. Projest alipunga mikono kuwazuia, na watu walipoona anapunga mikono wakajua anaongoza, wakazidisha. Bibi mmoja alipiga kigelegele mpaka Kokwijuka, aliyekuwa na mgongo wa chuma, akaruka. Loo! Ndiyo utulivu huo.

"Sasa wanatoka wengine," Benadeta alianza kumsimulia, maana alikwisha kumhurumia. "Wametokea mlango wa sakristia. Wanne. Wanawake wawili, wanaume wawili. Wanaitwa Nne za Kimuli."

Kokwijuka aliikalia mikono yake.

Vero ndiye aliyeanza. Alianza peke yake, chini, bila haraka, na mama yake aliijua sauti hiyo kabla haijamaliza neno la kwanza. Ilikuwa imeongezeka uzito. Zamani ilikuwa ya msichana anayeimba akimenya ndizi. Sasa ilikuwa ya mwanamke mwenye nyumba yake. Ikaingia sauti ya pili, ikaingia ya tatu. Kisha ikaingia besi, na hapo pakawa na kasoro. Besi ilikuwepo, lakini kama iliyotoka chumba cha pili. Ilisikika ikagota mahali, ikarudi imechelewa. Vero akaitafuta, akaikosa, akateleza. Kokwijuka alimsikia mwanawe anateleza mbele za watu, roho ikampasuka.

"Huyo wa besi ana nini?" alinong'ona.

"Nashangaa na mimi," Benadeta alisema. "Kageukia ukuta."

"Kageukia nini?"

"Ukuta, mama. Wenzake watatu wanatutazama sisi, yeye katupa kisogo. Naona leo ni siku ya migongo."

Wimbo ulifika mwisho kwa shida. Watu hawakupiga makofi, na safari hii si kwa sababu walikatazwa. Projest akasogea na tabasamu la kazini. "Ndugu yetu wa besi, unajua kule ukutani hakuna watu. Hebu tugeukie wimbo wa pili, tukusikie."

"Samahani," sauti nzito ikajibu ukutani. "Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Mama mkwe wangu yumo humu ndani. Mke wangu amemwona mgongo akaniambia. Kwa desturi ya kwao hatupaswi kutazamana."

Kanisa zima likaguna. Halafu, mabenchi yakalia, shingo zikageuka moja baada ya nyingine, zikatafuta, zikafika benchi la mwisho, zikaukuta ule mgongo. Kokwijuka hakuhitaji kuona. Aliyasikia macho kwenye uti wake.

Kilichofuata Projest hakukipanga. Mzee mmoja alisimama akasema kijana ana adabu, apewe haki yake, aimbe hivyohivyo. Mwingine akasema ndani ya nyumba ya Mungu hakuna mkwe, wote ni ndugu. Wa tatu akauliza kama ni ndugu mbona yeye mwaka jana alikatazwa kukaa karibu na mama mkwe wake ibadani. Tamasha likageuka baraza. Wale wanne wamesimama palepale mbele, mmoja bado anatazama chokaa.

Ndipo Rwezaura akainuka kutoka katika wazee wa Rugera. Sauti yake ilikuwa imekwama kwa kazi ya mwanzo, lakini ilitosha.

"Mimi ni shemeji yake huyo mama kule nyuma. Nina swali moja tu, kisha nakaa." Akakohoa. "Shemeji Kokwijuka. Posa ya kijana huyu uliikataa, mimi nilikuwepo, nimeketi. Ukasema si mkwe wako na hatakuwa. Binti yako anapokuita kwake, unasema huendi kwa sababu mkwe hatazamwi. Sasa tueleze, maana mimi miaka yote hii nimeshindwa kulielewa. Huyu ni mkwe wako au si mkwe wako?"

Kimya kile alichokiomba Projest tangu mwanzo kilipatikana hapo.

"Kama si mkwe," Rwezaura aliendelea, "geuka umtazame. Hana la kukuzuia, ni kijana tu kama huyu mwenye suti. Kama ni mkwe, kaa ulivyokaa. Ila usitufanye wajinga, shemeji. Chagua."

Kokwijuka alitamani ardhi ipasuke. Jibu lake lisilo na tundu, alilolitumia miaka mitatu, lilikuwa limetobolewa mbele ya kata nzima, tena na mlevi. Akiendelea kukaa hivi, amemkubali Mrundi asiye na kibanja. Akigeuka, amebaki na neno lake, hakuna atakayesema amelegea, na mwanawe pale mbele atasikia mbele ya umati kwamba miaka yake mitatu ya ndoa si kitu. Hasira zilimpanda. Alikuwa mwanamke wa kutunza neno lake. Akainua mguu mmoja, akauvusha benchi.

Benadeta akajisogeza kumpisha.

Sasa amekaa upande, mguu mmoja huku, mmoja kule, uso umeuelekea ukuta wa pembeni. Ilibaki kugeuza shingo tu. Kwa pembe ya jicho aliona rangi ya gauni, ya njano, huko mbele kabisa, na gauni hilo halikusogea. Vero hakuita, hakulia, hakusema "mama". Alimsubiri tu, kama alivyosubiri miaka yote hiyo.

Kokwijuka alikaa hivyo kitambo. Kisha akauchukua mguu wake, akaurudisha ulikotoka. Akavuta kitenge cha mabegani, akajifunika nacho kichwa mpaka kwenye paji.

"Nimekaa," alisema.

Projest, ambaye mambo haya yalimpita kushoto, akauliza, "Umekaa maana yake nini, mama?"

"Mtoto, huna masikio? Mkwe wangu anaimba. Unataka nimkodolee macho, mimi sina adabu?" Akakaza kitenge kichwani. "Mwambieni awageukie watu. Mimi simwoni. Na aimbe kwa nguvu, asimwangushe mwanangu."

Kanisa lilivuma. Bibi wa vigelegele alifanya kazi yake. Projest hata hakujaribu.

Adelard akageuka. Benadeta alimweleza Kokwijuka jinsi alivyogeuka, polepole, macho ameyashusha chini, na kwamba Vero amejifuta uso kwa kiganja na sasa anatabasamu, na ana mwanya mdogo hapa mbele. "Najua ana mwanya," Kokwijuka akasema, "alizaliwa nao." Kisha wakaanza upya wimbo uleule. Vero akatangulia peke yake, wenzake wakaingia, na besi ilipoingia safari hii iliingia yote, ikapita sakafuni, ikalipanda benchi. Vero akaikanyaga, akapanda juu, hakuteleza. Kokwijuka alikiri moyoni kwamba kijana anaimba. Alikiri na akaumia, kwa miaka iliyopotea bure, kwa ukaidi wake mwenyewe.

Alilia. Na kwa kuwa alikuwa ametazama mlangoni, wote waliokosa nafasi wakasimama pale nje walimwona anavyolia, machozi na kamasi, umati mzima umejipanga mbele yake. Hakuna mahali pa kugeukia. Mmoja wao akavua kofia.

Wimbo ulipokwisha watu walisahau kupiga makofi. Ndani ya ukimya huo ile sauti nzito ikasema, kwa woga kidogo, "Shikamoo, mama."

Kokwijuka akafuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Marahaba," aliuambia mlango. "Wazima huko Kimuli?"

"Wazima, mama. Tunakusubiri."

"Haya," alisema Kokwijuka. "Imbeni mwingine."