Bega la Babu kwenye Jalada la Bibi

Bibi alikuwa ameandika kitabu, na kama hukuzisikia habari hizo basi wewe hukuwa mkazi wa mtaa ule. Alikiandika kwa mkono juu ya meza ileile ya cherehani iliyosomesha watoto wake wote, akakipa jina Maisha Yangu Nyuma ya Cherehani. Sura ya kwanza ilianza kwa majigambo bila haya wala aibu: tangu ashike sindano mpaka anastaafu, hakuna mshono wake hata mmoja uliowahi kufumuka.

Kilichobaki ni jalada, na jalada alipewa mjukuu wake. Babu alimwita Kipanya, kwa kuwa kila akimtembelea alimkuta mkono umeganda juu ya kipanya cha kompyuta, na jina likashika mpaka wateja wakalijua. Alikuwa na kichumba cha kazi nyuma ya duka la vifaa vya shule: meza, kompyuta, printa yenye kikohozi, na ukuta mzima wa kazi zake. Kadi za harusi alishazisanifu mpaka akachoka nazo. Mabango ya vinyozi, usiseme. Lakini kitabu, thubutu! Hakuna aliyewahi kumpa, na yeye hakuwa na ndoto nyingine. Hiki cha bibi ndicho kilichokuwa cha kwanza.

Bibi alikuwa na sharti moja tu.

"Nataka uso wangu hapo mbele. Uso wa ujana, tena uso mzima."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Picha ya ujana wake ilisalia moja tu, ya siku alipofungua duka la ushonaji. Bibi yuko mlangoni, majirani na wateja wamejipanga huku na huku, kila mtu anang'aa. Na bibi mwenyewe? Nusu ya uso. Jicho la kushoto, shavu na nusu ya tabasamu vimezibwa na bega jeusi la mtu aliyejigeuza upande mbele yake. Mtu huyo ni babu.

"Mume wangu ni mtu mwema, sikatai," bibi alisema akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Kipanya. "Lakini siku yangu, duka langu, picha yangu, lijitu zima linakuja kunisimamia mbele kama kabati!"

Maneno hayo ukoo mzima uliyajua kwa moyo. Bibi aliyasema harusini, akayasema misibani, akayasema hata akiwa na homa. Babu, ambaye siku hiyo alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, alitabasamu tu kama kawaida yake.

"Mtoe," bibi akaamuru. "Toa hilo bega, nitokee mimi."

"Bibi, nikimtoa mume wetu, nyuma yake hakuna kitu. Kompyuta haijui kilichokuwepo."

"Si nilikuwepo mimi? Mke mwenza, fanya kazi, acha maneno."

Kipanya akafanya kazi. Alichukua nusu ya uso iliyoonekana, akainakili, akaigeuza kama kwenye kioo, akaibandika mahali pa ile iliyozibwa. Akalainisha kiungo, akasawazisha rangi, akachapa. Kwa kweli ilipendeza, na Kipanya akajipongeza kimoyomoyo. Bibi akaishika ile karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nani huyu?"

"Wewe, bibi."

"Mimi! Huyu anauza bima. Jicho langu la kushoto lilikuwa dogo kuliko mwenzake, mama yangu alinitania nalo mpaka naolewa."

"Na ukicheka lilikuwa linajifumba lenyewe," babu akadakia kutoka mlangoni.

"Wewe nyamaza! Ungeliacha lionekane, leo tungekuwa tunalitafuta?"

Jaribio la pili likawa balaa zaidi. Kipanya alimpiga bibi picha ya sasa, akachukua lile jicho, akalifuta makunyanzi na kulipandikiza. Bibi alipoliona akapiga ukelele, akasema hata mtoto mchanga angelia. Mchapaji alitaka faili Ijumaa, na bibi hakumung'unya maneno: ikishindikana, kazi inakwenda kwa yule bwana wa mtaa wa pili mwenye mashine kubwa. Alisema hivyo kwa upole, na upole wa bibi ndio wa kuogopwa. Kipanya alirudi kwenye kiti chake.

Alhamisi asubuhi akapiga moyo konde, akaamua kuanza upya kwa kulikata bega polepole, ukingo kwa ukingo. Akaikuza picha mpaka bega likajaa kioo kizima cha kompyuta. Giza tupu. Akaongeza tabaka jipya juu yake, akalitia nuru ili aone shati linaishia wapi na uso unaanzia wapi. Kidogo kidogo giza likaachia, na ndani yake vikatokea vidole.

Kipanya akasogea karibu. Vilikuwa vidole vya babu mwenyewe. Ule mkono ambao watu wote walidhani ameukunja kifuani kwa maringo ulikuwa umevuka mpaka bega la pili, na vidole vimebana kitambaa pale mkono wa shati unapoungana na bega. Kati ya kidole na kidole palikuwa na uwazi, nyuzi zinaning'inia, na chini yake fulana nyeupe.

Alikuwa bado anashangaa mlango ulipofunguliwa. Bibi ndiye aliyetangulia, babu nyuma yake na mwavuli. Kabla Kipanya hajafikia kipanya, bibi alishakiona kioo, akasimama palepale mlangoni.

"Ala! Nani kashona uchafu ule?"

"Bibi, ngoja kwanza..."

"Mshono umeachia mpaka fulana inachungulia! Uzi mwepesi, na hakurudia mara ya pili. Fundi wa hivi angefungiwa duka! La nani hilo shati?"

Kipanya akairudisha picha taratibu kwenye ukubwa wake. Likaonekana bega zima, ikaonekana shingo, likaonekana sikio la babu, na mwisho, pembeni, nusu ya tabasamu ya bibi.

Lile shati lilijulikana. Lilikuwa la kwanza kushonwa na bibi kwenye duka lile, na mvaaji wake alikuwa mmoja.

Bibi akamgeukia mumewe. Babu alikuwa anaukagua mwavuli kama aliyekabidhiwa leo.

"Sema."

"Nilipunga mkono kusalimia watu, likaachia," babu akasema. "Wateja wako wote wamesimama pale. Nikalishika, nikageuka upande mpiga picha asilione. Sikujua kama uko nyuma yangu."

"Na mimi miaka yote hii nakusema mbele za watu!"

"Kunisema mimi si kitu. Mimi sikuwa na duka."

Bibi alikaa kwenye kigoda. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha. Kisha akakunja uso ghafla.

"Hebu kwanza. Lile shati nililifua mwenyewe wiki ileile baada ya ufunguzi, na mshono ulikuwa mzima. Nani aliushona tena?"

"Nililipeleka kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Yule wa sokoni."

"Wa sokoni yupi? Yule mshona magunia?"

Babu akaitikia kwa kichwa.

"Magunia!" Bibi akamchapa kwa mkoba kwenye bega lilelile, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu, na jicho lake la kushoto likajifumba lenyewe. Kipanya alicheka mpaka kiti kikamponyoka.

Walipotulia aliuliza kwa woga, "Sasa bega nilitoe?"

"Litoe uone! Ongeza nuru hapo kwenye vidole. Na ile sentensi yangu ya kwanza, andika ni mshono mmoja tu uliofumuka."

Kipanya alifanya kazi siku ile kwa raha ambayo hajawahi kuipata. Jina la kitabu alilipitisha juu ya bega kwa rangi ya uzi mwekundu, herufi zikafuata mshono uliofumuka kana kwamba zinauziba. Nyuma, kwa maandishi madogo, akaandika: Jalada na Kipanya.

Siku vitabu vilipofika, bibi alimleta mpiga picha. Babu alivaa shati jipya, mshono wa bega umerudiwa mara tatu, na kwa mazoea yake ya miaka mingi akajisogeza mwisho kabisa wa mstari. Bibi akamfuata, akamshika begani, akamvuta.

"Simama hapa. Mbele yangu."

"Nitakuziba."

"Nizibe."

Mpiga picha akalalamika kwamba uso wa mama hauonekani vizuri. Bibi akamwambia apige hivyohivyo.